CD Iliyokwama Ndani ya Vitz

Kazi yangu ni kuyatoa magari kule yanakowekwa yakishashuka melini hapa Mombasa, na kuyaleta yadi. Siuzi. Wanaouza wana mashati yaliyopigwa pasi. Mimi nina fulana, waya za kuamshia betri na kibuyu cha petroli cha lita tano, maana magari ya Japani hufika na mafuta ya kunusa tu.

Mwezi uliopita nilitumwa Miritini kuchukua Vitz nyekundu. Jua la saa saba, jamu ya malori imeanzia Changamwe, na feni inapuliza harufu ya sabuni ya watu wengine. Nikataka redio. Sasa, redio za magari haya zina wazimu wake. FM yake inashika 76 hadi 90 basi, kwa hivyo stesheni zetu nyingi huzipati mpaka fundi aweke ekspanda. Halafu inaongea. Ukiwasha gari tu, mwanamke anakusemesha Kijapani kwa adabu kubwa, na miaka yote hii sijui kama ananikaribisha au ananionya.

Kilichobaki ni CD. Mwenye gari wa kwanza mara nyingi husahau yake ndani. Nimeshakuta hadithi za watoto, masomo ya Kiingereza, mwanamke mmoja anayeimba kwa kilio hadi nikamuonea huruma. Hii ya Vitz ilikuwa imekwama. Ukibonyeza kitufe cha kuitoa, redio inanguruma, inatoa ukingo kidogo kama ulimi, kisha inaumeza tena. Lakini kucheza inacheza.

(Najua kuna walioanza kucheka. Kwetu CD ni kitu kingine, kile ambacho dukani hukaa kaunta karibu na chingamu. Subirini, tutafika.)

Wimbo wa tatu ulinikuta Kibarani. Ngoma ya mashine inaanza taratibu, kinanda kinaingia nyuma yake kama moshi wa udi, halafu mwanamume anaimba chini chini, kama anayeongea na mtu aliyeegemea bega lake. Nikaacha hata kumpigia honi mwenye trela aliyenibana. Wimbo ule naujua tangu utoto. Mjomba wangu alikuwa nao kwenye kaseti, upande B, na mtu akiigusa kaseti ile alikula kofi.

Ni Little Red Corvette wa Prince. Umo kwenye albamu yake iitwayo 1999, ambayo licha ya jina ilitoka Oktoba 1982. Wimbo wenyewe ukatolewa peke yake mapema 1983, ukapanda hadi nambari 6 Marekani. Na ni mmoja kati ya nyimbo za kwanza za msanii mweusi kuchezwa kila mara na MTV, stesheni ambayo wakati ule ilikuwa ya wazungu na magitaa yao. Prince alikuwa na gitaa pia, bila shaka. Ila solo ile ya katikati, ile inayopanda kama mtu anayepiga kelele ndani ya mto wa kulalia, si yake. Ni ya Dez Dickerson, mpiga gitaa wa bendi yake.

Mimi miaka yote nilidhani ni wimbo wa gari.

Jioni nikapita kwa mjomba, Kibokoni. Alikuwa barazani na kikombe cha kahawa tungu, kofia imevutwa mbele kama kawaida yake akiwa hataki kusalimiwa na kila mpita njia.

"Mjomba, ule wimbo wako wa gari jekundu, nimeukuta kwenye Vitz."

Akanitazama kama niliyemwambia nimemuona marehemu sokoni. "Wimbo wa gari?" akasema. "Kwani wewe mpaka leo wadhani ni wa gari?"

Mjomba alikuwa mhudumu wa baa kwenye hoteli moja ya ufukweni miaka ya themanini. Ile ilikuwa enzi ya manowari za Marekani. Kuanzia 1980 serikali ya Kenya ilikubaliana na Marekani kwamba meli zao za kivita ziitumie bandari ya Mombasa, na zikitia nanga Kilindini mji wote ulijua: teksi zinapanda bei, mabinti wanashuka kutoka bara, na mabaharia wanamwagika mjini na mishahara ya miezi. Na nyimbo walikuja nazo. Kaseti ile ya mjomba alipewa na baharia mmoja badala ya deni la bia tatu. Huyo ndiye aliyemfumbulia wimbo, mstari kwa mstari, huku akicheka mpaka anakohoa.

Nitausimulia kama nilivyousikia barazani, kwa maneno ya kwetu.

Kijana amekutana na mwanamke. Tangu mwanzo anajilaumu: ningejua, anasema, kwa namna tu alivyoliegesha gari lake upande upande, kwamba jambo hili halidumu. Mwanamke ni wa kupenda mara moja na kuondoka. Mfukoni ana farasi tele, na baadhi yao wameshatumika. Hapo ndipo baharia alipokohoa. Trojan, lile jina la farasi wa mbao wa hadithi ya kale, kule Marekani ni jina la kondomu. Anampeleka kwake, mahali farasi wanapokimbia huru, na ukutani kijana anaona picha za wapanda farasi wote waliomtangulia. Tumbo linamchafuka. Anaingiwa na wasiwasi, anajiuliza kama yeye anatosha. Halafu anajijibu kwa neno moja ambalo nitalirudia: ni Jumamosi usiku, basi yafaa. Na mwanamke anamuuliza kama ana mafuta ya kutosha.

Kiitikio ndicho tulichokuwa tukikiimba sote bila kukielewa. Anamwambia wewe ni mbio mno, tafuta penzi la kudumu, punguza mwendo, la sivyo utauangamiza mwili wako.

"Hiyo si taarabu?" mjomba akauliza. "N'ambie, hiyo si taarabu?"

Kweli ni taarabu. Hapa Mombasa mtu hukua akijua kwamba ndege anayeimbwa jukwaani si ndege, embe si embe, na yule mama anayeinuka kumtunza mwimbaji kwa noti huku akimtazama mwenzake wa meza ya pili hajainuka kwa ajili ya matunda. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mjomba husema Prince angezaliwa Mji wa Kale angemsumbua hata Juma Bhalo. Hapo amezidisha, kwa Bhalo mimi siruhusu mzaha, lakini namuelewa. Ajabu ni kwamba sisi, watu wa mafumbo, tulipewa fumbo la kigeni tukalichukua kama gari.

Na hata kama gari, lina vituko, nivumilieni kidogo kwa sababu haya ndiyo ninayoyajua. Corvette za kwanza kabisa, za 1953, zilikuwa 300 tu na zote nyeupe. Wekundu ulikuwa wa viti ndani. Mwaka wimbo unavuma, 1983, hakuna Corvette hata moja iliyouzwa ya mwaka huo. Kampuni ilichelewesha modeli mpya, ikatengeneza 43 za majaribio, na imebaki moja, iko makumbusho huko Kentucky. Na gari lililouzaa wimbo halikuwa Corvette kabisa. Lilikuwa Mercury ya 1964 ya rangi ya waridi, mali ya Lisa Coleman, mpiga kinanda wa bendi. Prince alisinzia ndani yake baada ya kurekodi usiku kucha, na maneno yakamjia humo. Kwetu ndiyo kabisa isingetoka bandarini: usukani wa kushoto hauruhusiwi ila kwa magari maalumu kama ya wagonjwa na ya zimamoto, na gari lililozidi miaka 8 halipiti. Prince alipofariki Aprili 2016, Chevrolet walilipia matangazo magazetini, picha ya Corvette nyekundu na maneno ya kiitikio chake yaliyogeuzwa kidogo, kwamba mwendo huo ulikuwa wa mbio mno. Watengenezaji wa gari wenyewe wakaomboleza kwa wimbo ambao haukuwa wa gari.

Wapo wanaousoma wimbo huu kama majigambo ya kijana mwenye njaa. Sikubaliani. Usikilizeni vizuri: yule kijana anaogopa tangu mstari wa kwanza. Ameona gari lilivyoegeshwa, amehesabu farasi, ameona picha ukutani, tumbo limemgeuka. Kila alama ya kumwambia arudi nyumbani ameisoma, na kwa sauti. Hakuna asichokijua. Anachokitafuta ni ruhusa, na ruhusa anaipata kwenye kalenda. Ingekuwa Jumanne, labda.

Mjomba alinyamaza kidogo, akasema wimbo ule walicheza sana wakati huo, kila meli ikija. Akaanza kuwataja kwa vidole. Wawili wa jikoni. Dobi. Yule dada aliyekuwa akija na viatu mkononi. "Sote twaimba mbio mno, mbio mno, na hakuna ajuaye aimba nini." Kisa cha kwanza cha ukimwi Kenya kilitambuliwa 1984, mwaka mmoja tu baada ya wimbo. Madaktari wa Marekani walikuwa wameanza kuripoti wagonjwa 1981. Prince hakuuzungumzia ugonjwa hapo. Miaka minne baadaye, 1987, ndipo alipouimba, na hata hapo kwa fumbo. Lakini masikio ya mjomba hayawezi tena kuusikia wimbo ule bila watu wale. Rais Moi alikuja kutangaza ukimwi janga la kitaifa Novemba 1999. Mjomba aliinua kidole, "1999", akiwa na maana ya albamu, kisha akakishusha. Hatukuendelea na hilo.

Sasa yangu. Nimezunguka vya kutosha.

Ni 2019, nina miaka 27, na yadi imetulipa komisheni ya magari sita kwa mpigo. Mtwapa, mahali pasipolala. Sikuwa nimelewa, msinisaidie kwa hilo. Yeye nitamwita Mwenye March, kwa kuwa alikuwa na Nissan March ya rangi ya fedha, na wallahi siongezi chumvi, ilikuwa imekaa mshazari mbele ya duka la dawa, tairi moja juu ya kibaraza. Mimi mtu wa magari nilicheka. Nikamwambia nipe funguo nikuwekee vizuri. Akasema, "Iache, sikai."

Tulicheka sana usiku ule, hilo nalo niliseme. Alikuwa anajua kuigiza sauti za makondakta wa kila laini, wa Likoni tofauti na wa Bombolulu. Hakuna anayesimulia usiku kama huu akakumbuka kwamba mtu alikuwa mcheshi.

Kondomu ilikuwepo. Moja. Ilikuwa ndani ya pochi yangu sijui tangu mfungo upi, imeiva kwa joto la mfuko wa nyuma na viti vya magari ya kutoka Miritini. Nilijua CD ya namna hiyo haitegemewi. Mtu yeyote aliyepita shule ya sekondari ameambiwa. Nikajiambia, sikumbuki kama kwa sauti au moyoni, leo Jumamosi. Ikapasuka. Nikajua, na nilikaa kimya kwa muda ambao hata leo naona haya kuuhesabu.

Adhana ya alfajiri ilinikuta Shanzu, ndani ya matatu yenye watu wanne, wote tunatazama nje upande wetu.

Jumapili nilikwenda kituo cha afya kimoja cha karibu na nyumbani, kutafuta dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Askari wa mlangoni hakuniuliza shida, alisema chumba cha dawa kimefungwa, njoo kesho. Nilimshukuru. Fikirieni, nilimshukuru! Nikarudi kitandani na hoja zangu: anaonekana msafi, ana kazi, ana gari. Nilimfanyia hesabu nzima. Ni wanaume wangapi? Mbona alikuwa na haraka? Mbona alijua lojing'i ile mlango wake wa nyuma? Nilizihesabu picha za ukutani kwake, mimi ambaye ukuta wangu mwenyewe sikuwahi kuugeukia.

Saa mbili usiku simu ikalia. Ni yeye.

"Ulienda?"

"Wapi?"

"Usijifanye. Mimi nilienda asubuhi, nikaenda mpaka mjini. Nishaanza dawa. Wewe sikujui, na wewe hunijui. Nenda kesho, usipitishe masaa sabini na mbili."

Akakata.

Kwa muda nilikaa na simu mkononi. Aliyekuwa akinihofu alikuwa yeye. Kwenye hesabu yake mimi ndiye gari lililoegeshwa upande, mimi ndiye mwenye farasi waliotumika, na alikuwa na haki. Na hapo ndipo, nikiusikiliza wimbo sasa ndani ya Vitz, ninapogombana na Prince. Kijana wake anampa mwanamke wasia mrefu, punguza mwendo, tafuta penzi la kudumu, na palepale anaomba apewe funguo aendeshe. Wapanda farasi wa mwanamke wamepigwa picha. Wa kwake hawatajwi. Mwanamke anasemeshwa wimbo mzima, naye hapewi zaidi ya vijiswali, kama lile la mafuta. Mwenye March angepewa ubeti mmoja, ule wimbo ungekuwa mwingine.

Jumatatu nikaenda kituo kingine. Sista aliyenipokea alikuwa mtu mzima, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, "Saa ngapi?" Nikadhani ataka kujua saa ya ukutani. "La, mwanangu. Ilikuwa saa ngapi?" Akahesabu kwa ncha ya kalamu juu ya meza, tok, tok, tok, kutoka saa nane usiku wa kuamkia Jumapili. Masaa 31. "Hujachelewa. Lakini jana ingekuwa bora." Akanieleza kwamba dawa huizuia virusi isizaliane kabla haijajenga mwilini, kwamba mwisho wake wa kuanza ni masaa 72 na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwamba ni siku 28 bila kuruka. Akanipima kwanza. Akanionyesha pia boksi lile la kondomu za bure pale mlangoni, akaongeza: "Na hii haikai kwenye pochi. Wewe wafanya kazi gani?" Nikamwambia magari. "Basi wajua. Mpira ukipigwa na jua hufanyaje?"

Siku 28 ni nyingi. Wiki ya kwanza nilichukia harufu ya mbaazi, na mimi asubuhi bila mahamri na mbaazi si mtu. Kazini nilisema ni tumbo. Kila usiku saa tatu alamu inalia, nameza, nazima. Mjomba hakujua kitu mpaka mwezi uliopita, jioni ile pale barazani. Nilipomaliza kumsimulia hakusema astaghfirullah wala hakunipa waadhi. Aliuliza tu yule binti yuko wapi.

Sijui aliko. Baada ya miezi mitatu nilipima tena, nikawa salama. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe: "Mimi sina. Wewe?" Nikajibu, "Mimi pia sina. Asante." Vile vialama viwili vikawa buluu. Basi.

Mjomba alitaka kuusikia tena, kwa hivyo kesho yake, kabla ya kuikabidhi Vitz kwa wauzaji, nilipita nayo Kibokoni kwa kuiba njia. Vichochoro vile havitaki gari. Niliegesha pale juu barabarani naye akaja na kikombe chake. Akakaa kiti cha abiria, mlango wazi, mguu mmoja nje. Ilipofika solo ya gitaa alifumba macho. Ilipokwisha akasema, "Hebu tia tena," nikatia, mara nne, mpaka kahawa ikapoa na mwenye duka akaja kuuliza kama gari limeharibika.

Vitz iliuzwa wiki hiyohiyo. Walikuja mama mmoja wa buibui na bintiye aliyemaliza chuo, gari ni la binti kwenda nalo kazini Nyali. Muuzaji wetu alikuwa kwenye simu, nikaambiwa niwawashie wasikie injini. Yule mwanamke wa Kijapani akawasalimu, kisha CD ikaanza yenyewe, wimbo wa tatu, ilipoachwa. Nikarukia kitufe. Ikanguruma, ikatoa ulimi, ikameza. Nikawaambia poleni, hii imekwama, fundi ataitoa akiweka ekspanda.

Mama akainamisha kichwa, akasikiliza kiitikio chote.

"Yasema nini hiyo, mwanangu?"

Binti alikuwa ananitazama, anajua Kiingereza chake vizuri.

"Yasema gari lisiendeshwe mbio, mama."

"Ee," akasema, akamgeukia bintiye. "Maneno mazuri. Mwambie fundi asiitoe."